Mtani Tu

Agnes Haule alikuwa amejitayarisha kwa kila kitu isipokuwa beseni.

Alijitayarisha kwa macho ya Inasio, ambayo tangu kijana huyo aondoke Mtwara alikuwa akiyaona kila alipofumba yake. Alijitayarisha kwa sauti yake, kwa kiganja chake kigumu, hata kwa machozi, maana kitambaa safi kilikuwa kwenye pochi tangu asubuhi. Gauni la bluu alilipiga pasi jana, akalipiga tena leo. Viatu vyeupe vya kanisani akavivaa kwenda kufundishia darasa la nne, na walimu wenzake wakamchokoza mpaka kengele ya mwisho ikamwokoa. Lakini nani angemwambia kwamba mwanamume anayemkimbilia atamkuta amechuchumaa bombani Magomeni, mbele ya kina mama wenye ndoo, suruali ameikunja hadi magotini, anasugua sufuria? Na juu ya kichwa chake, kwenye kamba iliyofungwa kutoka kwenye gari hadi kwenye mnazi, gauni la kulalia la mama wa Kizungu linapepea mchana kweupe.

Gari lenyewe lilikuwa Kombi ya rangi ya maziwa, imekula vumbi jekundu mpaka madirishani. Mtaa mzima ulikuwa umeshapita kuichungulia. Watoto waliwahadithia wakubwa kwamba paa lake linanyanyuliwa, kiti cha nyuma kinalazwa kikawa kitanda, meza inakunjwa ikapotelea ukutani, na mapazia yana maua. Balozi wa nyumba kumi alipokuja kuwaandikisha wageni alikwama kwenye makazi, kwa kuwa hawakuwa na kijiji wala nyumba. Alifikiri sana, kisha akaandika, "Garini."

Wenye gari walikuwa mtu na mkewe, wazee wa Kidenmaki, ambao mtaa ulishawabatiza Bwana Heni na Mama Ula. Walistaafu kazi, wakafunga mlango wa nyumba yao, wakaanza safari ambayo ndugu zao waliiita wazimu: jangwani, Sudani, Kenya, mpaka Dar es Salaam. Hapo ndipo walipompata Inasio, dereva ambaye lori lake lilikuwa limelala kwa kukosa vipuri, wakamchukua awe mkalimani na mwenzao wa usukani. Walizunguka naye Burundi, Zaire, Zambia na Malawi. Sasa walikuwa wameteremka naye Mtwara ili yeye amwone mama yake na wao wauone mdomo wa Ruvuma. Baada ya hapo ni kupanda tena Dar kabla mvua hazijafunga njia ya Rufiji, na kutoka Dar kurudi Ulaya kwa njia ile ile ndefu. Nafasi ya Inasio garini ilikuwapo. Mwenyewe aliandika hivi: "Ukiniambia nibaki, Agnes, nabaki. Siku ya kwanza nitakuja kwenu kumwamkia mzee, halafu namleta mjomba kuposa. Usiponiambia, naendelea na gari."

Barua zake zilikuwa zimemfundisha Agnes maisha ya humo ndani hata akahisi amesafiri naye. Alijua kwamba mtu akitaka kuvaa, wenzake hutoka nje wakatazama miti. Alijua chumvi ina tundu lake, na kisu kina ala yake iliyopigiliwa ukutani, na anayekosea mahali pa kitu hulaumiwa hadi mpaka wa nchi nyingine. Alijua Inasio hulala kiti cha mbele, miguu dirishani, na kwamba mbu wa Zaire hawasikii dawa. Na alijua jambo moja zaidi, kwa kuwa liliandikwa kwa furaha: "Humu hakuna bwana wala boi. Kuna zamu. Leo mmoja anaendesha, mmoja anapika, mmoja anaosha na kufua vya wote. Kesho mnageuzana. Bwana Heni amewahi kufua suruali yangu, na hakuitakatisha." Agnes aliisoma barua hiyo akacheka hadi mama yake akauliza kuna nini. Kwa hiyo tusimtetee bure. Alilolifanya siku ile hakulifanya kwa kutojua.

Inasio aliinua kichwa. Chale za utotoni mashavuni mwake zikajikunja kwa tabasamu, na povu lilikuwa limempanda hadi viwikoni.

"Agnes," aliita.

Mwalimu Magreth, aliyekuwa ameongozana na Agnes kutoka shuleni, alisimama. Magreth alizaliwa Moshi na hakuacha siku ipite bila kulitaja hilo. Aliangalia lile beseni, akaangalia zile chale, akamgeukia mwenzake.

"Mwalimu, yule boi wa Wazungu anakuita kwa jina. Mnajuana?"

Jibu lilikuwa fupi, na lilikuwa tayari mdomoni: ni mchumba wangu. Agnes aliwatazama kina mama wa bombani, wengine wazazi wa wanafunzi wake. Alilitazama lile gauni la kulalia. Joto likampanda shingoni hadi masikioni.

"Huyo?" alisema. "Mtani tu. Mmakonde. Si unajua sisi Wangoni na hawa ni watani."

"Na anafua mpaka magauni ya bibi yake?"

"Ndio walivyo hawa. Mpe sufuria na povu, amefika peponi."

Kina mama wakaangua kicheko. Inasio alikuwa amesikia, maana tabasamu lake lilibaki pale pale usoni bila mwenyewe. Lakini mtani akitukanwa hujibu, na asipojibu watu hujua kuna jambo. Alinyanyuka akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mama zangu, msimsikilize," alisema. "Huyo ni mateka wetu. Babu zake walikuja kwa miguu kutoka huko Kusini, wakaishiwa pumzi Songea, wakatuachia watoto tuwalee. Viatu hivyo vyeupe tumemvisha sisi."

Bomba zima likacheka, hata mama mmoja akaimwaga ndoo yake. Inasio alicheka kuliko wote. Kisha akachuchumaa tena, na macho yake akayarudisha kwenye beseni.

"Basi kama ni mtani, muombe sabuni," Magreth alisema huku akijifuta machozi. "Mtani hanyimwi. Dukani hatuijui tena, tunafulia majani ya mpapai. Hawa hawakosi."

Agnes angeweza kukataa. Alitaka kukataa. Lakini macho yalikuwa yanamngoja, na mtu akishaanza uongo huona vigumu kuuacha njiani.

"Mtani," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamkera, "lete sabuni."

Inasio alimtazama kitambo. Aliingia garini, akakaa sana huko ndani, droo ikasikika ikifunguliwa na kufungwa. Alipotoka alikuwa na mche mpya, umefungwa kwa karatasi ya kijani yenye ua. Aliuweka kiganjani mwa Agnes bila kumgusa kidole.

"Chukua, mtani," alisema. "Hanyimwi."

Magreth aliuazima mkononi mwa Agnes kabla haujapata joto. Mama mmoja mwenye kisu cha samaki akaukata, na vipande vikapita kwa wenye ndoo, kila mmoja akinusa na kushukuru. Agnes alirudishiwa kilichobaki, kipande cha kuficha kwenye ngumi. Ile karatasi ya kijani ilikuwa imeanguka kwenye tope la bomba, na mtu alikuwa ameikanyaga.

*

Jioni Inasio hakuja.

Agnes alikuwa amefagia uani, ameazima viti viwili, amepanga vikombe. Baba yake, Mzee Josephu Haule, karani wa bandarini, alitoa redio nje akajifanya anasikiliza taarifa ya habari. Mama yake, Elizabeti, alikuwa akimpitia mara kwa mara akivuta pumzi puani.

"Unanukia vizuri, mwanangu. Umepata wapi sabuni?"

"Nimegawiwa bombani."

"Na mimi nimesikia ya bombani," mama alisema taratibu. "Nimesikia yule kijana alikuwa anafua gauni la bibi wa Kizungu na kulianika kwenye mnazi. Ni kweli?"

Hapa tena njia ilikuwa wazi. Ilihitaji neno moja tu, zamu, na maelezo yake yasiyozidi funda la chai. Agnes alitazama vikombe vyake.

"Ni kweli," alisema.

Mzee Josephu akapunguza redio. "Mimi simchukii Inasio. Ni mtani wangu, nimemtukana tangu yuko darasa la saba, naye hajawahi kunikosea jibu. Lakini kutukanana ni kitu kimoja, na kumpa binti ni kingine. Mwanamume anaishi kwenye gari la watu. Hana kizingiti. Siku akikukosea na mimi nataka kuja kumsema, nitabisha hodi wapi, kwenye tairi?"

"Baba, alisema atabaki."

"Alisema pia atakuja leo. Yuko wapi?"

Agnes alijua kabisa kwa nini hakuja. Alinawa mikono kwa maji matupu, akanawa tena. Harufu ya ile sabuni ilikataa kutoka. Ilikuwa harufu nzuri, ya maua asiyoyajua, na kila ilipompata alijiona yuko bombani, kiganja wazi, akiomba. Aliona aibu mbele ya watu ambao hata hawakuwapo.

*

Jumamosi aliomba lifti kwenye lori lililokuwa linakwenda kuzoa korosho vijijini. Alikaa juu ya magunia matupu pamoja na wapakiaji, wakapita kijiji cha Ziwani, wakashuka na barabara ya mchanga kuelekea Ruvuma. Mtu alikuwa amemwambia gari-nyumba limehamia kwa Mama Graca, mama yake Inasio, karibu na mto unapoingia baharini. Aliteremshwa njiapanda akaenda kwa miguu katikati ya mikorosho, mabibo yameoza chini na kunukia pombe, viatu vyeupe vikazama kwenye mchanga mpaka akachoka kuvikung'uta.

Mama Graca alikuwa ameinama akiokota korosho na kuzitia kwenye ungo. Alikuwa mama mrefu, mkavu, aliyevuka mto zamani akiwa na Inasio mgongoni na hakurudi tena ng'ambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ni Agnes."

Mama Graca alinyooka polepole, mkono kiunoni. "Agnes gani? Mwanangu ameniletea habari za Agnes wawili. Mmoja nilikuwa ninamtwangia unga, maana nilisikia anakuja kuwa mwanangu. Wa pili ni mtani tu. Wewe ni yupi?"

Agnes alitazama chini. Sisimizi walikuwa wanatembea juu ya kiatu chake naye hakuwapangusa.

"Mimi ndiye wote wawili, mama."

"Haya," Mama Graca alisema, akarudi kuinama. "Gari liko kule kwenye kivuli. Mwenyewe amekwenda kisimani."

Kombi ilikuwa imepumzika chini ya mikorosho mikubwa, karibu na mahali mikoko inapoanza. Paa lilikuwa juu, turubai limetandazwa ubavuni kama baraza, na godoro limeanikwa juani. Leo ilikuwa zamu ya Mama Ula kupika. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la gesi, uso mwekundu, anakoroga wali ambao mtu yeyote wa Mtwara angeuita uji. Bwana Heni alikuwa mlangoni, miwani puani, anashona kifungo cha shati. Agnes alilijua shati hilo. Lilikuwa la Inasio.

"Wewe Agnesi," Mama Ula alisema. Kiswahili chake alikiokota barabarani kwa Inasio, na kilikuwa na lafudhi ya Kimakonde. "Ninajua picha yako. Karibu, karibu ndani, tazama nyumba."

Agnes akavua viatu akaingia. Kila kitu kilikuwa pale alipokisoma: tundu la chumvi, ala ya kisu, mapazia ya maua, vikombe vimening'inia kwenye ndoano ili visigongane njiani. Alihisi anaingia chumba alichokiota, na kwamba amekiingia kama mwizi.

"Hapa Inasio anaweka vitu vyake," Mama Ula alisema, akavuta droo chini ya kiti cha mbele. Ndani mlikuwa na wembe, kitana na soksi moja. "Na hapa ilikaa sabuni yako. Ndani ya soksi."

"Sabuni yangu?"

"Ya kijani. Alinunua Malawi, Blantaya, alichagua muda mrefu sana, mimi nilichoka kusimama. Njia ya Tunduru sabuni yetu ikaisha. Heni akasema tufungue ile. Inasio akasema hapana, ile ina mwenyewe. Tukafua na majivu mpaka Masasi, masista wakatupa ya kufulia." Mama Ula alimtazama kwa furaha ya mtu aliyetunza siri ya zawadi mpaka mwisho. "Umeipenda?"

Agnes alikuwa na kile kipande kwenye pochi, kimefungwa kwenye kitambaa kile kile alichokitayarisha kwa machozi. Aliona kisu cha samaki. Aliona vipande vikipita mkono kwa mkono, na ile karatasi topeni.

"Nimeipenda, mama," alisema, akakaa kwenye kiti cha nyuma.

Inasio alirudi na dumu la maji begani. Alipomwona Agnes garini hakushtuka, au hakutaka ionekane. Alimimina maji kwenye tangi la gari mpaka tone la mwisho, akafunga mfuniko, akamwashiria waelekee upande wa mikoko. Kule mto ulikuwa umetanuka hata ng'ambo ya pili ilikuwa mstari tu, na viboko walikuwa wamelala kwenye fungu la mchanga.

"Umekuja na nini?"

"Lori la korosho."

"Umeharibu viatu."

"Ndiyo," Agnes alisema. "Nisamehe, Inasio. Ulikuwa utani."

"Haukuwa utani," alisema bila ukali. "Mtani hukutukana anakutazama usoni, halafu anangoja umrudishie. Wewe ulikuwa unamtazama Magreth."

Agnes aliokota jani la mkoko, akalikunja mara mbili.

"Mimi nilijibu kwa sababu kina mama walikuwa wanacheka," Inasio aliendelea. "Ningenyamaza wangejua umenikana. Nilikusitiri. Kisha nikakaa mle garini najiuliza, nitamsitiri mpaka lini? Nikikosa kazi ya lori nikauza dagaa pale sokoni Chikongola, nawe unapita na walimu wenzako, nitakuwa nani? Mtani? Nikiumwa unanishika mkono, mtu akabisha hodi, nitakuwa mtani?"

"Nilijua habari za zamu. Uliniandikia. Nilijua kila kitu."

"Ndiyo maana imeniuma."

"Na sabuni..."

"Usiseme habari za sabuni." Sauti ilimkatika hapo, mara ya kwanza, na Agnes akajua kwamba bado anapendwa. Badala ya kumfariji, jambo hilo lilimzidishia aibu. Angepata nafuu kama angechukiwa.

"Niambie nifanye nini."

"Hapa unaweza kusema lolote. Nani anakusikia, viboko?" Inasio alitazama mto. "Jumatatu asubuhi tunapita Magomeni kujaza madumu. Pale bombani. Halafu tunaelekea Dar."

"Ukipita pale..."

"Nitapita tu, Agnes. Sikuahidi kitu."

*

Jumapili, baada ya misa, Agnes alimweleza baba yake yote, bila kupunguza. Mzee Josephu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Afadhali. Liache gari liende naye," akaenda kujilaza. Mama yake alingoja usiku, akavichukua vile viatu vyeupe akavipaka chaki.

Asubuhi ya Jumatatu Kombi ilikuwa bombani. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, maana maji hutoka asubuhi. Bwana Heni alikuwa anapanga madumu. Mama Ula, ambaye siku hiyo usukani ulikuwa wake, alikuwa anapangusa kioo. Inasio alikuwa amesimama karibu na beseni lenye sahani za chai ya asubuhi, mikono mifukoni, hajaanza kuosha.

Magreth alikuwa kwenye foleni. "Mwalimu," aliita, "mtani wako huyo. Kamwombe mche mwingine, ule uliisha kwa kufua shuka moja."

Kina mama wakaanza kucheka mapema, wakingojea mchezo. Agnes aliitazama foleni. Kulikuwa na mzazi wa mtoto anayekaa dawati la mbele. Kulikuwa na mke wa balozi. Masikio yalikuwa yanamwaka kama siku ile ile, na alijua kwamba aibu hii haitaondoka kwanza ndipo aseme. Ilibidi aseme nayo ikiwapo.

"Si mtani," alisema.

"Eti?"

"Nilikudanganya, Magreth. Ni mchumba wangu. Alikuwa mchumba wangu hata siku ile." Alisema kwa sauti ya darasani, kwa kuwa nyingine hakuwa nayo, na foleni yote ikamsikia hadi wa mwisho. "Niliona haya kwa kuwa alikuwa anaosha vyombo. Na sabuni ile alininunulia mimi."

Ndoo iliyokuwa bombani ikajaa, ikafurika, na hakuna aliyeiondoa. Mama mwenye kisu cha samaki akajishika mdomo. Agnes akamgeukia Inasio, maana hakuwa na mahali pengine pa kuelekeza uso.

Inasio alimtazama. Akawatazama kina mama.

"Huyo?" alisema. "Mtani tu."

Kicheko kililipuka. Agnes akahisi machozi yanampanda, na hakuwa na haki ya kuyalalamikia. Alikuwa amepigwa palepale alipopiga. Angeondoka, na alikwisha kugeuza mguu mmoja, alipoona kwamba Inasio hacheki na hao wengine. Alikuwa amerudisha macho kwake, usoni kabisa, na alikuwa anangoja.

Anangoja arudishiwe.

"Ndiyo," Agnes alisema. "Na mtani hanyimwi. Lete beseni."

Chale zikajikunja mashavuni. Inasio aliinama, akalisogeza beseni kwa mguu hadi mbele ya viatu vyeupe.

"Zamu yako," alisema.

Mwalimu Agnes Haule alichuchumaa mbele ya foleni ya Magomeni, akakunja mikono ya gauni la bluu, akatoa kitambaa kwenye pochi, na ndani ya kitambaa kile kipande cha kuficha kwenye ngumi. Akaosha sahani ya Bwana Heni, akaosha ya Mama Ula, akaosha kikombe cha Inasio. Hakuinua kichwa. Aibu ilikuwapo bado, imemkalia begani, lakini mikono ilikuwa majini na ilikuwa inafanya kazi.

Kengele ya baiskeli ililia. Mzee Josephu, aliyekuwa njiani kwenda bandarini, alishuka akasimama na baiskeli yake, akamtazama binti yake aliyemsomesha mpaka chuo cha ualimu.

"Wewe Mmakonde," alisema hatimaye. "Umemfanya nini mtoto wangu?"

"Shikamoo, mzee. Nimemkamata. Ukimtaka, umgomboe."

"Marahaba. Kumgomboa kwa nini, wewe ndiye utakayetoa mahari." Mzee aliondoa miwani akaifuta kwa tai, na ilichukua muda. "Kesho jioni mlete mjomba wako. Nitamkatalia, lakini mlete."

Akapanda baiskeli akaenda zake, bila kugeuka.

Mama Ula alimkumbatia kila aliyesimama karibu, pamoja na watu asiowajua. Bwana Heni alipokea vyombo vilivyooshwa, akavipanga kila kimoja mahali pake. Kisha akaingia ndani, akatoka na begi la turubai lenye kitana na wembe na soksi moja, akalitua chini kando ya bomba, juu ya sehemu kavu. Alimpa Inasio mkono, na walishikana muda mrefu kama watu waliofuliana nguo. Kombi ikapiga honi, ikapinda kona ya barabara kuu, na kamba yake ya nguo, iliyosahauliwa tangu siku ile, ikabaki imefungwa kwenye mnazi.

Magreth alisogea na ndoo yake, akainama sikioni mwa Agnes.

"Mwenzangu, hiyo sabuni imebaki?"

Agnes alikifunga kile kipande kwenye kitambaa kilicholowa.

"Imebaki," alisema. "Lakini ina mwenyewe."